Mshenga asiyefungua barua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuunganisha vivinjari viwili kwa usalama

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa waandaaji programu ninaokaa nao Kisumu, Maseno na Nakuru. Wengi wetu tunajenga kitu cha aina moja: ukurasa wa wavuti unaomwezesha mhudumu wa afya ya jamii aliye Seme au Nyakach kuongea kwa video na afisa wa kliniki aliye mjini, bila mazungumzo hayo kupita mikononi mwa mtu mwingine. Mifano yangu inatoka huko. Ukijenga kitu tofauti, kanuni ni zile zile.

Hii "kuashiria" inayotajwa kila mahali ni nini hasa?

Vivinjari viwili haviwezi kuanza kuongea moja kwa moja hivi hivi. Kimoja kiko nyuma ya ruta ya nyumba Kondele, kingine kiko kwenye mtandao wa simu Ahero, na hakuna kinachojua anwani ya mwenzake. Lazima kwanza vipashane habari: naweza kupokea aina hizi za sauti na video, napatikana kwa anwani hizi, na alama ya cheti changu ni hii. Habari hizo huandikwa kwa muundo uitwao SDP. Upande mmoja hutoa pendekezo, wa pili hutoa jibu, halafu anwani za ICE (utaratibu wa kutafuta njia ya kufikiana) hufuata moja moja kadiri zinavyopatikana. Kupashana huko ndiko kuashiria.

Anayebeba habari hizo, yaani seva ya kuashiria, ni mshenga. Wajaluo humwita jagam. Hutoka upande wa kijana, akafika upande wa binti, akarudi na jibu. Familia mbili zikishaketi pamoja, kazi yake imekwisha. WebRTC, teknolojia ya vivinjari kuongea moja kwa moja, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2011 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikaipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021, inaeleza kwa kina jinsi pande mbili zitakavyoongea, lakini mshenga imekuachia umtafute mwenyewe.

Si WebRTC inasimba kila kitu tayari? Mbona nijisumbue na maktaba nyingine?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Ni kweli inasimba. Sauti na video hupita kwa SRTP, data hupita kwa DTLS (zote mbili ni itifaki za usimbaji), na hakuna mahali pa kuzima usimbaji huo. Lakini jiulize: umesimba kati yako na nani? Cheti cha DTLS kila kivinjari hujitengenezea chenyewe, hakuna mamlaka iliyokipiga muhuri. Kinachomhakikishia mhudumu kwamba aliye upande wa pili ni afisa wake wa kliniki ni mstari mmoja tu ndani ya SDP, ule unaoanza na `a=fingerprint:sha-256`. Na mstari huo umeletwa na mshenga. Mshenga akiubadilisha akaweka wake, mhudumu atasimba mazungumzo vizuri kabisa kati yake na mshenga, naye mshenga atayasimba upya kuelekea kwa afisa.

Nimelionyesha hili kwenye mafunzo Kisumu. Laptopu mbili mezani, kila moja na mwanafunzi wake, na ya tatu yangu, nikiwa nimegeuza seva ya kuashiria. Kila pendekezo lilipofika niliondoa alama ya cheti na anwani za mwenyewe nikaweka zangu. Jibu lilipokuja nikafanya vivyo hivyo. Wale wawili walionana vizuri. Kufuli ya HTTPS ilikuwa pale juu kwenye kivinjari, picha haikukwama, sauti ilikuwa safi. Waliongea karibu dakika mbili, wakicheka, kisha nikageuza laptopu yangu wakajiona wote wawili kwenye kioo changu. Chumba kizima kilinyamaza. Mmoja aliuliza polepole, "Na kama ningekuwa mgonjwa?"

HTTPS haiokoi hapo. Inalinda barua kutoka kwako hadi kwa mshenga, kisha kutoka kwa mshenga hadi kwa mwenzako. Ikiwa mkononi mwa mshenga, iko wazi. Tunachotaka ni barua iliyofungwa kwa namna ambayo mshenga anaibeba asiweze kuifungua.

Kwa hiyo nitumie maktaba gani?

Mimi natumia SaltyRTC, na majibu yaliyobaki yanaizungumzia hiyo. Ilijengwa kwa ajili ya tatizo hili hili, na ndiyo iliyotumika kwenye Threema Web, ukurasa wa huduma ya ujumbe ya Uswisi unaounganisha kivinjari na simu yako.

PeerJS ni rahisi sana kuanza nayo, lakini usipobadilisha chochote inatumia seva yao ya umma, na unalazimika kuiamini. simple-peer haikupi mshenga yeyote. Inakukabidhi ishara na kukuambia uzipeleke utakavyo. Trystero hupitishia ishara kwenye mitandao iliyopo tayari kama BitTorrent na Nostr, na ina nafasi ya nenosiri la kusimbia SDP. Zote ni nzuri kwa mchezo wa draft au kupeana faili. Kwa maneno ya mgonjwa, hapana, isipokuwa umeongeza ulinzi wako mwenyewe juu yake.

SaltyRTC inafanyaje kazi ndani?

Jina linatokana na NaCl, maktaba ya usimbaji iliyopewa jina la chumvi ya mezani. Kila upande una jozi ya funguo za kudumu, moja ya siri na moja ya wazi, kila ufunguo baiti 32. Anayeanzisha huitwa mwanzilishi, anayejibu huitwa mwitikiaji. Mwanzilishi hufungua njia kwenye seva kwa WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva), na jina la njia hiyo ni ufunguo wake wa wazi ulioandikwa kwa herufi 64 za heksadesimali. Mwenye kuujua ufunguo huo ndiye anayejua pa kugonga mlango.

Kugonga si kuingia. Mwanzilishi pia hutengeneza tokeni ya siri ya baiti 32, ya kutumika mara moja tu. Mwitikiaji aliyeipata kwa njia ya pembeni, isiyopita kwenye seva, huitumia kusimbia ufunguo wake wa wazi na kuutuma. Mwanzilishi akiweza kuifungua barua hiyo, anajua aliyeiandika ndiye aliyempa tokeni. Baada ya hapo pande zote mbili hutengeneza funguo za kikao, mpya kila mara, na ishara zote hupita zimesimbwa kwa hizo. Mtu akiiba ufunguo wako wa kudumu mwaka kesho, hatafungua ishara za leo.

Kila ujumbe una namba ya baiti 24 isiyorudiwa: baiti 16 ni za biskuti (cookie), yaani namba ya bahati nasibu, zinazobaki zinaonyesha umetoka kwa nani, unaenda kwa nani, na ni wa ngapi. Ndiyo maana mtu hawezi kurekodi ujumbe wa jana akaurusha tena leo.

Halafu kuna jambo ninalolipenda sana. Muunganisho wa moja kwa moja ukishasimama, ishara zenyewe huhama kutoka kwenye seva na kuingia kwenye njia mpya ya data. WebSocket inafungwa. Mshenga anaenda nyumbani.

Naweza kuona msimbo?

Huu ni mifupa tu, lakini ndio wenyewe:

```
const funguo = new saltyrtcClient.KeyStore();
const mjenzi = new saltyrtcClient.SaltyRTCBuilder()
  .connectTo('ishara.example', 443)
  .withKeyStore(funguo)
  .usingTasks([kaziYaWebRTC]);

// kwa mwanzilishi
const a = mjenzi.asInitiator();
onyeshaQR(a.permanentKeyBytes, a.authTokenBytes);
a.connect();

// kwa mwitikiaji, kwenye kifaa chake
const b = mjenzi.initiatedBy(ufunguoWaA, tokeni).asResponder();
b.connect();
```

Kitendakazi `onyeshaQR` ni chako mwenyewe, `kaziYaWebRTC` ni kipande cha SaltyRTC kinachoshughulikia ishara za WebRTC, na `ufunguoWaA` na `tokeni` ni zile alizozionyesha mwanzilishi. Seva unaweza kuendesha yako; ipo ya Python iliyoandikwa na watu wa mradi huo huo, na haihitaji mashine kubwa, maana kazi yake ni kupitisha barua fupi tu.

Ufunguo na tokeni nimpe mwenzangu kwa njia gani?

Hapa ndipo usalama wote ulipo. Wengi huniuliza kwa haraka, kama jambo la mwisho, nami huwarudisha nyuma. Hesabu zote za juu zinategemea mambo mawili yawafikie watu wawili sahihi: baiti 32 za ufunguo na baiti 32 za tokeni. Ukizikosea hizo, chumvi yote imemwagika chini.

Njia bora ni ana kwa ana. Baiti 64 zinaingia kwenye msimbo wa QR bila shida. Mhudumu wetu huja mjini mara moja kwa mwezi kwa mkutano. Siku hiyo afisa anafungua ukurasa, QR inatokea kwenye kioo, mhudumu anaielekezea kamera ya simu, na ndani ya sekunde chache kila kifaa kinaujua ufunguo wa mwenzake. Kuanzia siku hiyo, hata akiwa Nyakach mvua ikinyesha, hakuna haja ya tokeni tena. Vifaa vinatambuana kwa ufunguo wa kudumu, kwa kutumia `withTrustedPeerKey` badala ya tokeni.

Msiichapishe QR hiyo na kuibandika ukutani. Nimewahi kukuta imebandikwa, karibu na ratiba ya chanjo, kwa nia njema kabisa ya kumrahisishia kila mtu. Yeyote aliyepita na simu angeweza kuwa mwitikiaji wa kwanza.

Kama kukutana hakuwezekani, unaweza kutengeneza kiungo na kuweka ufunguo na tokeni baada ya alama ya `#`. Kivinjari hakitumi sehemu hiyo kwa seva ya ukurasa. Mtumie mtu mmoja, si kundi la WhatsApp, maana kiungo kilichoingia kwenye kundi husafiri kuliko bodaboda. Kisha mpigie simu ya kawaida. Kila ukurasa uonyeshe herufi chache zinazotokana na funguo za pande zote mbili, naye akusomee zake wewe ukilinganisha na zako. Sauti unayoijua, ikisoma herufi ulizonazo mbele yako, ni ushahidi mzuri.

Seva inaona nini bado?

Haioni SDP, haioni alama za vyeti, haioni anwani za ICE zilizo ndani ya barua. Inaona anwani za IP za wote wawili waliounganika nayo, saa, ukubwa wa ujumbe, na njia gani inatumika. Afisa akitumia njia ile ile mwaka mzima, seva inaweza kuhesabu ni mara ngapi fulani alimtafuta na saa ngapi. Kwa mgonjwa anayeishi kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu, hilo tu linaweza kuwa habari. Usihifadhi kumbukumbu za seva kwa muda mrefu usio na sababu.

Pia kumbuka kwamba wanaoongea moja kwa moja hujuana anwani za IP. Ukitaka kuzificha, weka `iceTransportPolicy: 'relay'` ili kila kitu kipitie TURN, seva ya kupitishia pakiti nitakayoieleza hapa chini.

Kwa nini kwenye Wi-Fi ya ofisi Nakuru inaunganika mara moja, lakini mhudumu akiwa kwenye data ya simu inazunguka tu?

Kwa sababu ya NAT. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukikagua anwani ya simu yako ukaona inaanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Seva ya STUN hukusaidia kujua unavyoonekana kutoka nje, na mara nyingi inatosha. Lakini NAT nyingine hukupa mlango (port) tofauti kwa kila unayeongea naye, kwa hiyo mlango ambao STUN iliuona si ule ambao mwenzako atauona. Hapo hakuna njia ya moja kwa moja. Unahitaji TURN, seva inayopokea pakiti zako na kuzipitisha.

Wengi wakisikia hivyo huhofia kwamba usalama umevunjika. Haujavunjika. TURN hupitisha pakiti zilizokwisha simbwa kati ya vivinjari viwili, na kwa kuwa alama za vyeti zilipita kwa barua iliyofungwa, mwenye TURN hawezi kujiweka katikati. Ni bomba tu.

Weka coturn, programu ya seva ya TURN, kwenye seva iliyo Nairobi au Mombasa ukiweza. Ukiiweka Ulaya, mtu wa Ahero atakayeongea na mtu wa Kondele atapeleka kila neno ng'ambo ya bahari na kulirudisha. Fungua pia TURN juu ya TLS kwenye mlango 443, kwa sababu ofisi na shule nyingi huzuia UDP, itifaki ambayo kwa kawaida hubeba sauti na video. Kujua ni njia ipi iliyotumika, kwenye Chrome fungua `chrome://webrtc-internals` utazame aina ya anwani iliyochaguliwa: `host` ni ndani ya mtandao mmoja, `srflx` ni moja kwa moja kupitia NAT, `relay` ni TURN.

Itakula bando kiasi gani?

Ishara zenyewe ni kilobaiti chache. Video ndiyo mlaji. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 7.5 kwa dakika kwa kila upande unaotuma, kwa hiyo mhudumu anayetuma na kupokea kwa dakika kumi ametumia megabaiti 150. Ikipita TURN, mwenye seva analipia megabaiti 150 zinazoingia na 150 zinazotoka. Sauti ya Opus, muundo wa kubana sauti, kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama kilobaiti 240 kwa dakika kwa kila upande, bila kuhesabu vichwa vya pakiti. Ndiyo maana ukurasa wetu huanza na sauti, na video hufunguliwa mtu akihitaji kuonyesha kidonda au dawa.

Stima ikipotea au simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, je?

Kuhama mtandao mara nyingi hutibika kwa kuanzisha ICE upya, ishara zikipita kwenye njia ya data kama bado iko hai. Ikiwa imekufa, mshenga alishaenda nyumbani, kwa hiyo lazima urudi kwenye seva na kuunganika upya kwa funguo zinazoaminika. Andika sehemu hiyo ya msimbo mapema. Weka pia `withPingInterval` ya sekunde 30 hivi, la sivyo ruta zilizo katikati zitafunga WebSocket iliyokaa kimya mhudumu akiwa bado anasubiri.

Funguo nizihifadhi wapi?

IndexedDB, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, zikiwa zimesimbwa kwa nenosiri la mtumiaji. Usiziache wazi kwenye `localStorage`, ambako hati yoyote iliyopenya kwenye ukurasa wako inaweza kuzisoma. Na kwenye kompyuta ya saiba usihifadhi kabisa: tengeneza funguo za kikao kimoja, zife ukurasa ukifungwa. Simu ya familia, inayoshikwa na mama, mtoto na shemeji, ichukulie kama ya saiba.

Na aliyetengeneza ukurasa wenyewe akiubadilisha?

Umeuliza la maana. Seva inayotoa ukurasa ikitekwa, inaweza kutoa JavaScript inayoiba funguo, na SaltyRTC haitajua. Punguza hatari: seva ya ukurasa iwe tofauti na ya ishara, usivute hati kutoka seva za watu wengine, na ukilazimika, weka alama ya `integrity`, inayokifanya kivinjari kikatae hati iliyobadilishwa. Usimbaji wenyewe uko kwenye TweetNaCl ya JavaScript, iliyokaguliwa na Cure53, kampuni ya ukaguzi wa usalama, mwaka 2017, usiandike wako. Kwa kazi nyeti zaidi, fungasha ukurasa kama programu inayosakinishwa, ili msimbo usiwe unaletwa upya kila asubuhi.

Sheria yetu inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, aliyeishika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Kwa mtazamo wangu, seva ambayo haikuwahi kuyaona mazungumzo ndiyo seva rahisi zaidi kuieleza mbele ya mtu yeyote.

Muunganisho unafungwa na kuniachia namba. Zinamaanisha nini?

3000: njia imejaa, seva hugawa anwani 2 hadi 255 kwa waitikiaji, na kama zimeisha, mtu anakugongea mlango kwa nguvu. 3001: mmoja wenu amevunja itifaki, mara nyingi ni toleo la zamani la maktaba upande mmoja. 3003: habari njema, ishara zimehamia kwenye njia ya moja kwa moja, usiionyeshe kama kosa. 3004: mwanzilishi amemwondoa mwitikiaji. 3005: mwanzilishi hakuweza kufungua barua, yaani tokeni imetumika tayari au si yenyewe. Hii ya mwisho ikitokea kwa mtu uliyemtumia kiungo leo asubuhi, usimtumie kingine kabla ya kumpigia simu umuulize kama kuna mwingine aliyekifungua.